Kuandaa mkalimani wa lugha ya alama Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa maafisa utumishi, wahudumu wa benki na SACCOS, wauguzi, wasimamizi wa mashamba na viwanda, watendaji wa kata, na yeyote ambaye kesho anaweza kuhudumia kiziwi au kumwajiri. Viziwi wenyewe wanaweza kuyatumia kudai wanachostahili.

Mteja kiziwi ameshafika kaunta na mkalimani hatuna. Tufanye nini sasa hivi?

Msalimie kwanza kama unavyomsalimia mtu mwingine yeyote, kwa mkono na kwa uso. Usipaze sauti, kwa sababu kelele hazimfikii na mdomo unaopiga kelele hupoteza umbo lake. Toa karatasi au fungua simu, andika sentensi moja fupi: "Unahitaji huduma gani?" Akijibu bila shida, jambo dogo kama kuweka pesa au kuuliza salio mtalimaliza hapo hapo.

Akisita, au akitikisa kichwa kukubali kila unachoandika, simama. Kutikisa kichwa kwa kiziwi mara nyingi maana yake ni "nakufuatilia", si "nimekubali". Mikopo mingi huzaa ugomvi hapa: mhudumu alieleza riba, mteja akatikisa kichwa, saini ikawekwa, na miezi mitatu baadaye mteja anashangaa kwa nini anadaiwa zaidi ya alichochukua.

Kuna mambo ambayo hayamalizwi bila mkalimani hata foleni iwe ndefu namna gani: mkataba wa mkopo, ridhaa ya upasuaji, maelezo ya polisi, mauziano ya kiwanja, barua ya kuachishwa kazi. Kwa hayo mpe miadi. Andika tarehe, na saa iandike kwa namna zote mbili: "Jumatano, saa 4 asubuhi (10:00)". Anayetazama saa ya simu yake akasoma "saa 4" peke yake anaweza kufika saa kumi jioni mkiwa mmefunga.

Si tungeandikiana tu? Au azisome midomo yetu?

Lugha ya Alama ya Tanzania si Kiswahili kinachosemwa kwa mikono. Ina sarufi yake. Swali, kukanusha na sharti huonekana usoni: nyusi zinapanda, kichwa kinatikisika, kiwiliwili kinageuka. Kiziwi aliyekua na lugha hiyo anasoma Kiswahili kama lugha ya pili, na wengine walisoma madarasa machache tu. Sentensi kama "Usipolipa kabla ya tarehe 5 utatozwa faini isipokuwa kama umetoa taarifa" ina kukanusha, sharti na msamaha ndani ya mstari mmoja. Ukibanwa uandike, ivunje: "Lipa kabla ya tarehe 5. Ukichelewa, faini. Ukitoa taarifa mapema, hakuna faini."

Midomo nayo inadanganya. Simama mbele ya kioo, sema bila sauti: "baba", "papa", "mama". Midomo inafanya jambo moja mara tatu. Sasa fikiria mtu anayesoma midomo ya daktari aliyevaa barakoa.

Amekuja na mdogo wake anayejua alama. Huyo hatoshi?

Kwa kuelekezana mlango wa maabara, anatosha. Kwa jambo lenye uzito, hapana. Ndugu hufupisha: daktari anaongea dakika tano, yeye anafanya alama mbili. Hujibu kwa niaba yake: "Hapana, hana mzio wowote," bila hata kumgeukia mwenyewe. Na pengine ndugu huyo ana maslahi, hasa penye shamba, urithi au mkopo. Kuna pia mambo ambayo mtu hataki nduguye ayajue, kama majibu ya VVU au ujauzito.

Mtoto asitumike kabisa. Mtoto wa miaka kumi kumwambia mama yake kwamba uvimbe ni saratani ni mzigo ambao hakuna muuguzi angeubebesha mtoto wake mwenyewe. Kiziwi akisisitiza kuwa na ndugu yake, ndugu akae naye kama ndugu, na mkalimani afanye kazi yake.

Mkalimani tunampata wapi huku kwetu?

Anza na kiziwi mwenyewe. Muulize: una mkalimani unayemwamini? Viziwi wa Mbeya mjini au Iringa wanajuana, na wanajua nani anaelewa na nani anababaisha. Hatua hii watu huiruka, kisha wanaleta mtu ambaye mteja hamwelewi au hataki asikie mambo yake.

Akiwa hana, nenda kwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kupitia viongozi wake wa mkoa. Njia ya tatu ni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako, ambaye kwa kawaida anajua nani amewahi kuitwa mahakamani au hospitalini. Njia ya nne ni walimu wa shule na vitengo vya viziwi. Makanisa pia yana watu wanaokalimani ibada kila Jumapili.

Kuhusu hao wawili wa mwisho, tahadhari. Mwalimu wa elimu maalumu, hata aliyepita Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha, amefundishwa kufundisha: akiona mwanafunzi haelewi, anaongeza mifano yake. Mkalimani haruhusiwi kuongeza wala kupunguza. Na anayekalimani mahubiri kwa ustadi mkubwa huenda hajawahi kukutana na "dhamana", "marejesho" au "ganzi ya uti wa mgongo". Si kwamba hawafai. Ila wapewe maandalizi zaidi, na waambiwe wazi kazi inadai nini.

Usisubiri shida ndipo utafute. Ofisi yenye wateja wengi iwe na majina matatu au manne kwenye daftari la mapokezi, yakiwa na namba za simu, mahali wanapoishi na siku wanazopatikana. Wakalimani wa kanda hii ni wachache na wengi wana ajira nyingine. Kwa kazi ya kawaida toa taarifa wiki mbili kabla. Mwishoni mwa Septemba, Wiki ya Kimataifa ya Viziwi inapoadhimishwa (Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama ni tarehe 23), wekeni miadi mwezi mzima kabla, kwani wote wanakuwa wamechukuliwa.

Sisi hatujui alama. Tutajuaje kwamba huyu ni mkalimani kweli?

Mpigie na kiziwi akiwepo, hata kwa simu ya video, waongee dakika tano, kisha muulize kiziwi faraghani kama anaelewana naye. Hicho ndicho kipimo cha kwanza.

Cha pili unakifanya mwenyewe. Mwombe kiziwi aeleze jambo kwa alama, mkalimani alitoe kwa sauti. Wengi wanaoweza kutoa alama hawawezi kuzisoma. Ukiona kiziwi ameeleza dakika nzima na wewe umeletewa maneno sita, au mkalimani anasema "anasemaga tu mambo yake hapa", tafuta mwingine. Mkalimani mzuri husema "mimi" anapomaanisha kiziwi: "Mimi sikupata mshahara wa Mei." Akisema "huyu anasema hakupata", bado hajazoea kazi.

Kipimo cha tatu ni maswali anayokuuliza. Anayejua kazi atauliza ni mada gani, watu wangapi, saa ngapi, kuna maandishi, kiziwi alisoma shule gani. Anayeuliza malipo tu na kusema "usijali, nitafika", mtilie shaka.

Kwa nini waulize alisoma shule gani?

Kwa sababu shule za viziwi nchini zilikua mbalimbali, kila moja na alama zake, kabla ya juhudi za kuzisanifu. Aliyesoma Tabora, shule kongwe kuliko zote, anaweza kuwa na alama tofauti na aliyesoma Njombe au Buguruni. Tofauti hizo hujitokeza hata kwenye maneno ya kila siku kama siku za wiki. Mkalimani akijua mapema, anajiandaa au anaomba dakika kumi za kuzoeana na mteja kabla ya kikao kuanza. Dakika hizo mpeni.

Na kiziwi ambaye hakwenda shule kabisa?

Yupo, hasa vijijini Makete, Ileje, Ludewa na kwingineko ambako shule ilikuwa mbali. Ana alama za nyumbani, zinazoeleweka na mama yake, kaka zake na majirani wawili. Mkalimani wa mjini akifika hapo mikono yake haitasomeka.

Kinachofanya kazi ni watu wawili: mkalimani anayesikia, na kiziwi mzoefu anayekaa kati. Huyu mkalimani kiziwi huchukua alama sanifu na kuzigeuza kuwa maigizo, michoro, kuonyesha vitu halisi. Badala ya alama ya "mwezi ujao" anachora mwezi mchanga, mwezi mpevu, kisha mchanga tena, anaelekeza kidole hapo. Mpangieni muda mara tatu ya kawaida. Na ndugu wa nyumbani hapa wana nafasi ya kufundisha alama zao kwa mkalimani, lakini wasijibu maswali.

Mmoja anatosha au tuchukue wawili?

Kikao cha ana kwa ana kisichozidi saa moja, chenye kupumzika: mmoja. Mafunzo, mkutano mkuu wa SACCOS, semina, kesi, au chochote kinachopita saa moja na nusu bila kukatika: wawili, wanaobadilishana kila baada ya dakika 15 hadi 20. Baada ya hapo mikono bado inakwenda lakini akili imechoka, na makosa yanaanza bila mkalimani mwenyewe kuyaona. Yanayopotea kwanza ni namba na majina. Anayepumzika hajalala. Anamsaidia mwenzake neno lililompita.

Bajeti ikikataa wawili, gawanya ratiba: dakika 30 za kazi, dakika 10 za mapumziko, na chakula cha mchana ambacho mkalimani anakula kweli. Wengi wetu humkaribisha mkalimani mezani kisha tunamtaka akalimani maongezi ya mezani, kijiko kikiwa mkononi.

Tumtumie nini kabla ya siku?

Siku tatu kabla, ujumbe mmoja wenye yote. Mfano:

"Kikao cha mafunzo ya usalama kazini, Alhamisi tarehe 12, saa 3:00 asubuhi hadi 6:30 mchana. Kiwanda cha mbao, Mafinga. Watu 40, viziwi 3, wote walisoma shule ya viziwi hadi darasa la saba. Msemaji anatumia projekta, slaidi nimeambatanisha. Kutakuwa na mazoezi ya kuzima moto nje. Maneno ya kazi: msumeno wa bendi, kinga ya blade, swichi ya dharura, kreti, vumbi la mbao. Utalala usiku wa tarehe 11. Mtu wa kumpigia ukifika stendi ni …"

Majina ya watu na vifupisho viorodheshwe pembeni, kwa sababu huandikwa kwa vidole herufi moja moja na mkalimani asiyejua tahajia atakwama. Video zitakazoonyeshwa zitumwe pia, au mkalimani aambiwe mapema kwamba zipo. Kiziwi hawezi kutazama video na mkalimani kwa wakati mmoja. Simamisheni, elezeni, kisha endeleeni.

Gharama inahesabiwaje?

Ada hukubaliwa kwa nusu siku au siku nzima, mara chache kwa saa, kwa sababu kazi ya saa moja Tukuyu inamla mkalimani wa Mbeya mjini asubuhi yote. Juu ya ada kuna nauli ya kwenda na kurudi, pikipiki au bajaji ya kutoka stendi, chakula, na malazi pale anapolazimika kulala. Wakiwa wawili zidisha mara mbili. Mkalimani kiziwi analipwa kama mwenzake anayesikia. Kumpa "posho ya soda" ni dharau.

Mbeya hadi Iringa ni takriban kilomita 330 kwa barabara kuu. Kwa kikao cha asubuhi, anayetoka mji mmoja kwenda mwingine aje jana yake. Anayetoka Dar es Salaam au Morogoro anapanda mlima Kitonga, na lori moja likikwama kwenye kona zile, msururu unaweza kusimama kwa saa kadhaa.

Mkubaliane kwa maandishi, hata kwa WhatsApp: ada, lini italipwa, na mkiahirisha inakuwaje. Desturi ya haki ni kwamba mkighairi chini ya saa 48 kabla, mnalipa walau nusu, maana siku hiyo alikataa kazi nyingine. Mhasibu aseme mapema kwamba atakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada ya huduma. Mkalimani akigundua siku ya malipo, anaona amepunjwa. Nauli irudishwe kwa tiketi, kando ya ada.

Nani alipe, sisi au kiziwi?

Anayetoa huduma au mwajiri. Mkalimani ni wa pande zote mbili: kiziwi haelewi sauti, ninyi hamzielewi alama. Kumlipisha kiziwi ni kumtoza kwa kutojua kwenu.

Upande wa sheria, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikatungwa mwaka 2010. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha wasiopungua asilimia 3 ni watu wenye ulemavu: penye 100, angalau 3. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu. Kwa vitendo, weka kifungu cha ukalimani kwenye bajeti ya mwaka ya idara ya utumishi. Gharama ikitafutwa kila mara kutoka fungu la dharura, kila mara jibu litakuwa "hakuna fedha".

Siku ya kikao, nani akae wapi?

Mkalimani akae au asimame kando ya msemaji, nyuma kidogo, akimtazama kiziwi. Kiziwi akae mbele, umbali wa mita mbili hivi, awaone wote wawili bila kugeuza shingo. Dirisha lisiwe nyuma ya mkalimani: mwanga ukitoka nyuma, uso na mikono vinakuwa kivuli. Hili peke yake huharibu vikao vingi kuliko ubovu wa mkalimani. Kabla ya watu kuingia, kaa kwenye kiti cha kiziwi utazame mwenyewe. Mkalimani avae nguo ya rangi moja inayotofautiana na ngozi yake, si kitenge cha maua wala shati la mistari.

Zungumza na kiziwi. Sema "Una umri gani?" ukimtazama yeye, si "Muulize ana umri gani." Ongea kwa mwendo wako wa kawaida, mmoja mmoja. Ukiuliza swali, subiri. Mkalimani yuko nyuma yako kwa sentensi moja au mbili, na kiziwi anapata swali wakati wenzake wameshanyoosha mikono. Mwenyekiti asichague wa kwanza, ahesabu hadi tano.

Umeme ukikatika, kikao chenye viziwi kimesimama hata kama sauti zinaendelea. Weka taa ya kuchaji karibu, imulike mikono na uso wa mkalimani, isimpige kiziwi machoni. Na huku kwetu Juni na Julai vyumba ni vya baridi kali, Njombe na Makete zaidi. Vidole vilivyokakamaa haviandiki herufi vizuri. Chai ya moto kabla ya kuanza ni sehemu ya maandalizi.

Kwenye mkutano wa kijiji wazee wanaongea Kinyakyusa au Kihehe. Inakuwaje?

Wakalimani wengi wanatoka Kiswahili kwenda alama. Mzee akichangia kwa Kinyakyusa, lazima mtu amtafsirie mkalimani kwanza. Mteue mtu huyo kabla, akae bega kwa bega na mkalimani, na mtendaji atangaze kwamba kila mchango utasimama kidogo. Mkutano utachukua karibu muda mara mbili. Msipopanga hivyo, mkalimani atasimama na mikono imeshuka huku watu wakicheka, na kiziwi atabaki kuuliza wanacheka nini. Hata kicheko kinakalimaniwa.

Hospitalini kuna jambo la pekee?

Kwenye kadi na kwenye jalada la faili andikeni "KIZIWI – anahitaji mkalimani", ili zamu ya usiku ijue. Majina yakiitwa kwa sauti kwenye benchi, kiziwi hupitwa na foleni. Mpe namba ya kuonyesha au muuguzi amfuate. Barakoa ishushwe mtu akiwa umbali salama, au mkalimani asimame pale ambapo hahitaji kuivaa, kwani nusu ya sarufi iko usoni. Dripu isiwekwe mkono anaotumia zaidi kutoa alama, kama kuna hiari.

Wodi ya wazazi, muulizeni mama kama anataka mkalimani wa kike. Wakati wa uchunguzi wa mwili mkalimani hukaa upande wa kichwa, macho yake kwa macho ya mgonjwa.

Kwenye dawa, chukua bahasha iliyoandikwa "2 x 3". Mgonjwa anaweza kusoma vidonge viwili kwa siku tatu, badala ya viwili mara tatu kwa siku. Chora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, chini ya kila kimoja chora vidonge viwili. Kisha usiulize "umeelewa?", kwa kuwa jibu litakuwa ndiyo. Sema, "Nionyeshe utakavyokunywa kesho."

Tumeajiri kiziwi. Tunahitaji mkalimani kila siku?

Hapana. Kazi nyingi zinaendeshwa kwa kuonyeshana, ujumbe wa simu na alama za msingi. Mgahawa wa Neema Crafts mjini Iringa umejulikana kwa miaka mingi kwa wahudumu viziwi wanaopokea oda kwa maandishi. Mkalimani anahitajika kwenye nyakati maalumu: usaili, kusaini mkataba, wiki ya kwanza ya maelekezo, mafunzo ya usalama, tathmini ya mwaka, mikutano ya wafanyakazi wote, na kikao cha nidhamu.

Kwenye usaili, tangazo la kazi liseme wazi kwamba mkalimani atapatikana, na mpeni msailiwa kiziwi robo saa zaidi. Kwenye viwanda vya mbao na chai, ving'ora vya sauti viongezewe taa zinazowaka na kuzima. Glavu nene zinafunika alama, kwa hiyo mkubaliane alama tano kubwa za mkono mzima: simama, zima mashine, hatari, njoo, msaada. Kumwita, mpungie mkono ndani ya upeo wa macho yake au mguse bega. Usimrushie kitu, na usimshtue kwa nyuma akiwa kwenye msumeno.

Matangazo ya paredi ya asubuhi ndiyo yanayosahaulika zaidi. Kila mtu anajua kwamba kesho kazi inaanza saa 12, isipokuwa yeye, kisha anaandikiwa onyo la kuchelewa. Msimamizi atume ujumbe mfupi kila tangazo linapotolewa. Ni dakika moja.

Kikao cha nidhamu kinahitaji nini zaidi?

Kanuni za utendaji bora kazini za mwaka 2007 zinampa mfanyakazi muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na haki ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Kwa kiziwi, saa hizo zina maana tu kama ameielewa barua ya tuhuma. Kwa hiyo mkalimani aitwe mara mbili: siku ya kumkabidhi barua, na siku ya kikao. Mkimkabidhi barua ya kurasa mbili bila maelezo, amepewa karatasi, hajapewa tuhuma.

Mkalimani wa kikao asiwe mfanyakazi mwenzenu wala shahidi. Mwandishi wa kumbukumbu aandike jina la mkalimani na muda alioanza na kumaliza. Mfanyakazi akiachishwa, aelezwe kwa alama kwamba malalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupelekwa ndani ya siku 30. Wengi wanapitwa na siku hizo kwa kutojua tu.

Ukalimani kwa simu ya video unafaa?

Unafaa kwa jambo fupi, la watu wawili, penye mtandao imara: kuthibitisha miadi, kueleza dawa, dharura ya usiku. Haufai kwa mkutano wa watu wengi, kwa mtoto mdogo, kwa mzee mwenye macho hafifu, wala kwa habari nzito kama msiba.

Simu iwekwe kwenye stendi au iegemezwe kwenye kitu kizito, isishikwe mkononi. Kiziwi anahitaji mikono yote miwili, na picha inayotikisika haisomeki. Kamera ichukue kuanzia juu ya kichwa hadi kiunoni. Wekeni bando la angalau GB 1 kwa saa, chaji zaidi ya nusu, na jaribuni siku moja kabla mkiwa kwenye chumba kile kile. Mtandao unaoshika uani unaweza usishike nyuma ya kuta za chumba cha daktari. Picha ikiganda, msikisie kilichosemwa. Rudieni sentensi yote.

Siri zetu na za mteja zitakuwa salama?

Msainisheni mkalimani ukurasa mmoja wa kutunza siri, na mwambieni kiziwi kwa alama kwamba umesainiwa. Mji ni mdogo, na anayekalimani kliniki Jumatatu anakutana na mgonjwa yule yule kanisani Jumapili. Msirekodi video bila ridhaa ya wote. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na ninyi pia msimdodose mkalimani kikao kikiisha: "Hivi huyu wewe unamwonaje?" Hilo si lake kujibu.

Tukijifunza alama wenyewe, tutaacha kuhitaji mkalimani?

Kwa salamu, maelekezo na kazi za kila siku, ndiyo. Kwa mkataba, upasuaji na nidhamu, mtaendelea kumhitaji, kwa sababu kozi ya miezi mitatu haimpi mtu uwezo wa kueleza riba.

Mwalimu awe kiziwi, alipwe, saa moja kila wiki, kundi lisizidi watu kumi na mbili ili kila mkono uonekane. Anzeni na maneno ya kazi yenu, si alfabeti. Benki ianze na pesa, weka, toa, kitambulisho, saini, subiri. Zahanati ianze na maumivu, wapi, tangu lini, homa, mzio, mjamzito. Majina yenu ya alama mtapewa na viziwi wenyewe, kutokana na kovu, ndevu, namna unavyocheka. Usijichagulie. Neno "bubu" litoeni kwenye fomu na midomoni, semeni "kiziwi".

Mezani kwa mapokezi bandikeni karatasi moja ngumu, A4, yenye picha za alama hizo, ikimwangalia mhudumu. Nyuma yake andikeni yale majina matatu au manne ya wakalimani, na mmoja wenu awe na kazi ya kuzipiga namba hizo kila baada ya miezi mitatu kuhakikisha bado zinapatikana.